Mkasi wa Fundi Chausiku

Haya ya nchi kavu haielei.

Mmeisikia leo, shangazi yenu alipomzuia Yasini mlangoni asipande pikipiki bila kofia ngumu, naye Yasini akalalamika kwamba kofia itamharibia nywele alizokaa saluni asubuhi nzima kuzitengeneza. Mkacheka, kisha mkataka kujua ni wahenga gani waliosema hivyo. Si wahenga. Wahenga wana mengi ya kujibu, hili tusiwatwike. Methali hii ilitoka kwenye mkasi wa fundi cherehani mmoja mwenye hasira za karibu, na chanzo chake ni hiki.

Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwako mwanamke aliyeitwa Chausiku. Alishona vizuri na kusema vibaya. Watu walimpelekea vitambaa kwa ajili ya mkono wake na kuvumilia mdomo wake, kama mtu anavyovumilia moshi kwa sababu ya nyama. Alizaliwa Urambo, nchi ya tumbaku, akaletwa ziwani na ndoa. Kwa miaka kumi na mitatu alikaa hatua mia tatu kutoka majini, na hakuwahi kulowesha zaidi ya vifundo vya miguu. Maji aliyoyaamini yalikuwa yale ambayo mtu anaweza kuona chini ya ndoo yake.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Tatu. Kiangazi kimoja, shule zilipofungwa, mabaharia wastaafu wa mji walianzisha kambi ya kufundisha watoto kuendesha mashua za tanga. Haikuwa kambi ya kulala. Watoto wangekuja asubuhi, wafundishwe kushika usukani, kupandisha tanga na kusoma upepo, kisha alasiri warudi kwa mama zao wakinuka samaki. Waliandikishwa watoto kumi na mmoja. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Tatu, aliyejiandikisha kabla mama yake hajamaliza kusema ngoja nifikirie.

Mkuu wa kambi alikuwa Mzee Bilali. Alikuwa amefanya kazi melini miaka arobaini, na alitumia maneno kama mtu anayetumia maji ya kunywa safarini, kidogo kidogo, asije akaishiwa. Wiki moja kabla ya kambi aliwaita watoto na wazazi waliopata nafasi, akawaambia waandae kofia, chupa ya maji, chakula cha mchana, nguo za kubadili na viatu vya mpira vya kufunga. Kisha akagawa majaketi ya kuelea, mapana kidogo, ili watoto wayavae nyumbani wayazoee. Alinyanyua moja, akaonyesha mkanda ulioning'inia nyuma.

"Huu unapita kati ya miguu, unafungwa hapa mbele," alisema. "Usipofungwa, jaketi si jaketi."

Akanyamaza, akaamini amemaliza. Hilo lilikuwa kosa lake, na tutalifikia.

Watoto walirudi nyumbani wamevaa majaketi yao. Waliofunga mikanda, kanzu na magauni yao yalikunjamana kiunoni kama gunia lililofungwa kati. Ambao hawakufunga, mikanda iliwaning'inia nyuma ikiwapigapiga miguuni. Watoto wa mtaa hawahitaji zaidi ya hapo. Kufikia kona ya kwanza walikuwa wamekwisha kuwafuata kundi zima.

"Wana mikia hao," walisema. "Nyani wa Gombe wameshuka mjini."

Tatu aliingia nyumbani analia. Nyuma yake aliingia jirani yao Hidaya, mwanamke ambaye habari haikuwahi kulala nje ya nyumba yake. Mwanawe Nassoro naye alikuwa wa kambi, na Hidaya mwenyewe alikuwa amejitolea kuwasindikiza watoto majini, kwa hiyo alipewa jaketi la mtu mzima, lenye mkanda uleule.

"Shoga," alisema, "nimemwona mwanao amefungwa kama punda aliyetandikwa shogi la mizigo. Wacheza bao wameacha bao, wanacheka. Sasa mimi nami, mke wa watu, nipite mbele ya wakwe zangu na mkia?"

Hasira ya Chausiku ilianzia miguuni. Ukimwona anakanyaga cherehani isiyokuwa na kitambaa, ilikuwa heri uage. Siku hiyo alikanyaga mpaka sindano ikalia. Alimkasirikia mtoto aliyecheka, akamkasirikia mzazi wa mtoto aliyecheka, akawakasirikia wacheza bao ambao kwa maoni yake hawakuwahi kufanya kazi yoyote tangu wazaliwe. Kisha hasira yote ikajikusanya juu ya mtu mmoja, Mzee Bilali. Akachukua mkasi.

"Mama," alisema Tatu akifuta pua, "Mzee Bilali amesema usipofungwa jaketi si jaketi."

"Mzee Bilali anashona?"

"Hashoni."

"Basi awaachie wanaoshona. Kinachoelea ni sponji hili la kifuani. Mkanda unaelea? Ulishawahi kuona mkanda ukielea?"

Tatu hakuwahi. Mkanda ukakatwa. Chausiku akapinda pale ulipokuwa, akapiga mshono safi, usingejua kwamba jaketi lile liliwahi kuwa na kitu nyuma. Hidaya akaleta lake na la Nassoro. Jioni wakaja mama wawili wengine, kesho yake wakaja waliosalia. Kufikia Ijumaa majaketi yote kumi na mawili yalikuwa yamekatwa mikia, na Chausiku hakumtoza mtu hata senti. Hasira ilikuwa imekwisha kumlipa.

Jumatatu asubuhi watu walijaa gatini. Mashua tatu ndogo zilikuwa zimefungwa kando, matanga yake meupe yakipigapiga. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na hotuba ya kurasa nne. Watoto walijipanga wakiwa na kofia na chupa zao, na hata wacheza bao walifika, maana bao kila siku ni lilelile.

Mzee Bilali alipita kuwakagua. Alimgeuza mtoto wa kwanza, akatazama mgongo. Akamgeuza wa pili. Alipofika kwa wa tatu hakumgeuza tena, alisimama tu.

"Nani amekata?"

Mama wote walitazama ziwa kama vile ndilo lililoulizwa. Watoto, ambao hawajajifunza kudanganya kwa macho, walimtazama Chausiku.

"Hakuna atakayepanda," alisema Mzee Bilali, akaanza kuteremsha tanga la mashua ya kwanza.

Kilio kilichozuka hapo kilikuwa cha watoto kumi walioamka alfajiri. Tatu hakulia. Alimgeukia mama yake na kusema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia, mama." Maneno hayo mawili yalimwingia Chausiku kuliko matusi ya mwaka mzima. Miguu yake ikaanza kukanyaga mahali ambapo hapakuwa na cherehani.

"Niliyekata ni mimi," alisema akipasua watu. "Na ningekata tena."

"Fundi, ule mkanda..."

"Ule mkia. Uite jina lake. Umewafunga watoto wetu mikia, wamepita sokoni wanaitwa nyani. Wewe ungemtembeza mama yako hivyo?"

"Ningemtembeza hivyo."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, na angefika upande wa pili."

"Basi huna haya."

"Haya ninayo, fundi. Ila melini nilikuwa naiacha nyumbani kwenye sanduku."

Wacheza bao wakacheka, na kicheko kile kikawa kama mafuta ya taa kwenye moto. Mama wengine walijaa nyuma ya Chausiku, kila mmoja ana lake la kusema. Mmoja alisema mzee ana kiburi. Mwingine alisema wenye kambi wangejua desturi wangeleta majaketi ya heshima. Hidaya, aliyekuwa na jaketi lake lisilo na mkia mkononi, alisema kama si kambi mtoto wake angekuwa kwa bibi yake Kasulu anakula mahindi ya kuchoma. Mwenyekiti alitazama saa, akatazama kurasa zake nne, akaona zinakwenda bure.

"Mzee Bilali, tutumie busara," alisema. "Majaketi yapo, watoto wapo, upepo wenyewe leo ni kama wa kupepea uji. Waende. Hiyo mikanda tutaishughulikia wiki ijayo. Naagiza hivyo kama mwenyekiti."

Hapo Chausiku alikuwa ameshinda. Watoto walianza kufuta machozi, na Nassoro alikwisha kutia mguu mmoja ndani ya mashua. Ilibaki kusukuma tu, watoto kumi na mmoja waingie ziwani wamevaa vitu vinavyofanana na majaketi.

Mzee Bilali alimtoa Nassoro taratibu, akamrudisha gatini.

"Mwenyekiti, wewe una muhuri. Ziwa halisomi muhuri," alisema. "Lakini sitaki ubishi. Hapa chini kina chake ni watu wawili mmoja juu ya mwingine. Mimi nitaingia kwanza, nikae tayari. Kisha mtoto mmoja, mmoja tu, aruke. Jaketi likibaki mahali pake, nitawapeleka wote na kuomba radhi. Haya, mama zangu. Nitoleeni mtoto."

Sasa tazameni binadamu alivyo. Wale wale waliokuwa wakipiga kelele kwamba jaketi ni zima, kila mmoja alimshika mwanawe begani na kumvuta kwake. Gati zima lilisikia matanga yakipigapiga.

"Nitaruka mimi," alisema Tatu.

Hakuwa shujaa. Alitaka kambi, na aliona hii ndiyo njia fupi. Alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Chausiku alimwona mwanawe peku ukingoni, akawaona mama wenzake walivyowakumbatia wa kwao, akamkumbuka kila mmoja alivyokuja na jaketi lake kwapani akisema fundi nikatie na mimi. Hasira iliyompanda safari hii ilikuwa ya kila mtu. Alimvuta Tatu nyuma kwa nguvu hata mtoto akakaa chini. Akampokonya Hidaya jaketi la mtu mzima, akalivaa juu ya gauni na khanga, akabana vifungo vya mbele.

"Hakuna mtoto atakayeruka," alisema. "Ataruka aliyekata."

"Ngoja, fundi," Mzee Bilali alisema akiinama kufungua kamba za viatu. "Ngoja nishuke kwanza."

Ungemwambia nani angoje? Chausiku hakuwahi kungoja hata chai ipoe. Mzee Bilali alikuwa amevua kiatu kimoja alipousikia mshindo.

Kwa haki lazima lisemwe hili: jaketi lilielea. Lilielea vizuri sana. Aliyezama ni Chausiku.

Yeye alikwenda chini na jaketi likabaki juu, na mahali walipoagania ni kidevuni. Sponji lile alilolisifu lilimpanda mpaka masikioni, likamwinua mikono juu kama mtu anayejisalimisha, likamziba macho na mdomo. Alitaka kupiga kelele, na kelele ikarudi ndani ikiwa maji. Akalikasirikia ziwa. Alilipiga mateke, akalitukana moyoni kwa Kinyamwezi cha kwao, naye kila alivyopiga teke ndivyo jaketi lilivyozidi kupanda. Alijua, kwa ujuzi wote wa mikono yake, ni nini kilichohitajika pale. Kitu kimoja cha kulivuta jaketi chini. Kitu chembamba, cha kupita kati ya miguu, kikafungwa mbele.

Mzee Bilali aliingia na kiatu kimoja. Alilikamata jaketi begani, likamtoka Chausiku mzimamzima, akabaki nalo mkononi kama mtu aliyeinua kifuniko akakuta chungu hakipo. Juu ya gati Tatu aliita mama mara moja, sauti ambayo waliokuwapo hawapendi kuielezea. Mzee alipiga mbizi. Alipozuka alikuwa amemshika Chausiku kwa mshipi wa gauni, na wacheza bao wawili, wakifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, wakamvuta juu kwa ngazi.

Khanga ilikuwa imekwenda zake ziwani. Kilemba nacho. Gauni lilikuwa limepanda na kujisokota kifuani, na shimizi yake ya waridi ikaonwa na mtaa mzima, pamoja na mwenyekiti aliyejifunika uso kwa kurasa nne za hotuba. Chausiku alitapika maji, akavuta pumzi iliyosikika kama kitambaa kinachochanwa, akatapika tena. Hidaya alimkimbilia na khanga.

"Shoga jisitiri, watu wanakuona."

"Waniache wanione," alisema Chausiku alipopata sauti. Haikuwa kubwa, lakini wa nyuma kabisa walisikia. "Wasogee, waone vizuri. Nilikata mkanda kwa sababu yao. Nimekwenda mpaka chini nikawatafuta, wote hawa waliocheka. Sikumkuta hata mmoja aliyekuja kunishika."

Hidaya akabaki ameshika khanga hewani.

Chausiku akamgeukia Mzee Bilali, aliyekuwa ameketi ngazini anatiririka maji, kiatu kimoja mguuni.

"Na wewe. 'Usipofungwa, jaketi si jaketi.' Hayo ni maelezo au kitendawili? Mimi ni fundi. Ungeniambia mkanda unalizuia jaketi lisipande, ningeupiga mishono mitatu. Wewe umezaliwa majini, mzee. Mimi nimezaliwa Urambo."

Mzee Bilali alikivua kiatu kilichobaki, akamwaga maji yake.

"Kweli," alisema. "Nilidhani kila mtu anajua. Nimekukosea, fundi, na nimewakosea watoto."

Chausiku alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa saa nzima, na jibu hilo likamwacha mikono mitupu. Alimtafuta mwingine wa kumkasirikia, akamwona Tatu. Mtoto alikuwa amesimama mbele yake, miguu peku, jaketi pana likimcheza mabegani. Chausiku alilishika kwa vidole viwili, akalivuta juu taratibu. Likapanda bila ubishi wowote mpaka likaufunika uso wa mwanawe. Alilishusha upesi. Mtoto huyu alikuwa nusu ya uzito wake. Asingekaa majini hata muda wa kutukana.

Hasira iliyosalia ilikuwa na mwenyewe mmoja tu, na hakuwa wa kumkwepa.

"Leteni cherehani yangu," alisema. "Na kile kikapu cha vipande kilicho chini ya meza. Vileteni hapa."

Ikaletwa juu ya mkokoteni. Mikanda yote ilikuwa kikapuni, maana fundi hatupi kitu. Chausiku aliketi gatini na gauni lake lililolowa, nywele wazi, akashona. Alipiga mishono mitatu kila mkanda, kwa uzi mwekundu, na kila alipomaliza jaketi alilivuta kwa nguvu zake zote huku ameliwekea goti. Mzee Bilali alisimama kwenye ngazi, maji yakimfika kifuani, na kila mtoto aliyefungwa mkanda aliruka mbele yake. Tatu aliruka wa kwanza. Akazama mara moja, akaibuka uso ukitazama mbingu, jaketi limetulia kifuani pake, na mama yake alisimamisha mguu juu ya cherehani mpaka alipomwona anacheka.

Kufikia adhuhuri lilikuwa limebaki jaketi moja, lile la mtu mzima. Hidaya aliinama karibu na sikio la fundi.

"Shoga, langu lipunguze mkanda basi. Ufanye mwembamba, na uzi mweusi, usionekane sana. Wewe unajua, wakwe zangu wako pale."

Mama waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua mbili, wakijua kinachokuja. Hakikuja. Chausiku alishona mkanda wa Hidaya mpana kuliko wote, kwa uzi ule ule mwekundu, akakata uzi kwa meno. Akainuka akamvisha yeye mwenyewe, akaupitisha mkanda, akaubana kwa mbele, machoni pa wakwe, mwenyekiti na wacheza bao. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake barua iliyoandikwa na marehemu:

"Jifunge, shoga. Haya ya nchi kavu haielei."